Kigugumizi cha Kompyuta Kikaoni Nanyamba

Kuna watu waliozaliwa kutembea na kuna sisi tuliozaliwa kufunga mlango. Nyumba yangu iko Ufukoni, bahari iko karibu kiasi kwamba chumvi inanilia bati, lakini mwezi unaweza kukatika sijatia mguu majini. Kazi ndiyo iliyonilemaza: narekodi matangazo. Yule anayepita mtaani kwako na baiskeli, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani, kinapiga kelele "dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni wanakufa pamoja na mayai yao", ile sauti ni yangu. Kidato cha nne nilipata alama za kunitosha kuelewa kwamba shule imetosha, na tangu hapo koo langu ndilo shamba langu.

Kompyuta ninayofanyia kazi ni ya mtumba, ile ya kukunja. Ilipofika kwangu ilikuwa inawashwa asubuhi na kuamka adhuhuri, nikaiondolea mfumo wake mzito nikaitia Linux, ambayo ni ya bure na nyepesi. Ubaya wake mmoja tu: ukiumwa nayo unajilamba mwenyewe kama mbwa. Sikulalamika. Mtu asiyetoka nje ana muda mwingi wa kujilamba.

Mdogo wangu wa kike aliingia siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, akitokea kwa mumewe Mahurunga. Jicho la kushoto limefunga. Sikio limechanika pale ilipokuwa hereni. Mkono wa kulia ameubeba kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui akiweke wapi. Na neno la kwanza lililonitoka mimi, kaka yake, Mungu anisamehe, lilikuwa utani.

"Umegombana na lori?"

"Mpini wa jembe, kaka," akasema, akakaa chini hapohapo mlangoni.

Hospitali walimfunga plasta. Daktari aliangalia picha ya mfupa kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, si yeye, kama nafahamu kwamba mkono ule umevunjika mara mbili: mara moja juzi, na mara moja zamani, mfupa ukajiunga wenyewe umepinda. Nilisema sifahamu. Tukapewa fomu ya polisi, na fomu hiyo ikakunjwa ikawekwa, kwa sababu kwetu mambo hayaanzii polisi. Kwetu baba anazaa, mjomba ndiye anayeoza. Mjomba wetu wa Nanyamba, kaka wa marehemu mama, ndiye aliyepokea posa ya mdogo wangu, na yeye pekee ndiye wa kusema arudi kwa mumewe au asirudi. Kule Mahurunga alikuwa amebaki mtoto wake wa kike wa miaka minne, kwa bibi yake mzaa baba. Mama akirudishwa, atarudi kwenye mpini. Asiporudishwa, mtoto atafuatwa. Hilo tu ndilo lililokuwa la kuamuliwa.

Ushahidi alikuwa nao. Mara ya mwisho, aliposikia mumewe anaingia uani na ile sauti yake ya kutafuta kosa, aliwasha simu irekodi akaifukia kwenye gunia la makopa, ile mihogo mikavu, kule chumbani. Kesho yake mume aliisaga simu kwa jiwe, lakini kile kikadi cha ndani kilikuwa kimeshatolewa, kiko kibindoni.

Kikao cha kwanza tulicheza rekodi hiyo kwa simu yangu. Sauti ilikuwa imepita katikati ya makopa na gunia, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Mjomba, ambaye masikio yake yameanza kuwa mazito, aliiweka simu sikioni, akaihamishia sikio la pili, akairudisha.

"Nasikia mbu."

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikaa mkekani ametulia, kanzu nyeupe, mikono imepumzika magotini. "Mjomba, mimi nimeshasema. Alipanda mkorosho kupogoa matawi, akaanguka. Nilimkataza."

"Mkorosho gani huo wenye mpini?" Aliyeuliza ni bibi mmoja, mtani wa ukoo wetu. Kwa desturi hakosi kikao chetu, ana ruhusa ya kumsema yeyote, na hakasirikiwi. "Mwenzetu unavuna korosho ama unavuna mbavu?"

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa mazoea. Mjomba hakucheka.

"Jumapili ijayo," akasema, "nileteeni chombo kinachosikika. Kisiposikika, huyu anarudi Mahurunga na mumewe jioni ileile, na mimi sitaki simu tena."

Wiki ile nilijiona fundi. Nilinakili rekodi kwenye kompyuta, nikaipandisha sauti, nikapunguza mchakacho wa makopa. Ilikuwa ya dakika thelathini na tano. Nilivaa vifaa vya masikioni nikabonyeza icheze. Mlango ukagonga ukuta. Sauti ya shemeji ikauliza chumvi iko wapi. Mdogo wangu akajibu kitu. Kisha ukaja mlio mmoja ambao kwanza nilidhani ni mtu kaangusha gunia, hadi niliposikia pumzi iliyofuata. Nikazima. Nilikuwa nimesikiliza nusu dakika. Nikajiambia: inacheza, inatosha.

Yeye alikuwa amesimama mlangoni. "Umesikiliza yote?"

"Yote."

"Basi siku hiyo usiruke mahali. Hata pakiwa kimya, iache iende."

Jumapili tulifika Nanyamba kabla ya adhuhuri. Ni msimu wa korosho, na sebule ya mjomba ilikuwa imejaa magunia hadi usawa wa dirisha. Watu walikaa wamebanana kati ya magunia na ukuta. Shemeji alikuja na kaka yake mkubwa wa kumsemea. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Sikujali. Kompyuta ina betri, na kwa ajili ya sauti nilikuwa nimeazima kipaza sauti cha mteja wangu, kile chenye mdomo kama ua la boga, nacho kina betri yake.

Nikaunganisha waya, nikawasha kipaza sauti, na nyumba nzima ya mjomba ikaambiwa: "PANYA SUGU! PANYA WA DARINI, PANYA WA STOO! MMOJA AKILA, WOTE WAMEKWISHA!"

Sikuwa nimetoa kadi ya mteja yenye tangazo lake. Nilihangaika na kile kitufe huku sauti yangu mwenyewe ikinizomea kutoka kwenye ua la boga.

"Sasa tumemwelewa," kaka mkubwa wa shemeji akasema, "katuletea sumu." Wenzake wakagongana mabega kwa kicheko. Bibi mtani akamjibu, "Tulia, panya mwenyewe bado hajatajwa."

Nikabadilisha. Nikabonyeza rekodi icheze, na hapo ndipo kompyuta yangu, ambayo nyumbani inatiririka kama kasuku, ikashikwa na kigugumizi. Chumvi ikawa "chu... vi... vi". Jibu la mdogo wangu likaja vipandevipande, kama mtu anayeongea huku anazamishwa na kuibuliwa. Kipigo chenyewe hakikusikika kama kipigo. Kilikuwa tk, kimya, tk-tk.

Kaka mkubwa aliinua mkono kama hakimu. "Mjomba, umesikia? Hii imekatwakatwa. Kazi ya huyu kijana ni nini?"

"Kukata sauti za watu na kuziunga," mjomba akasema polepole.

"Basi ndiyo hiyo. Kachukua neno huku, kachukua neno kule, kamshonea mdogo wangu kanzu ya uongo."

Shemeji alimtazama mkewe akatabasamu. Nilikuwa sijawahi kuliona tabasamu lile, lakini mdogo wangu alikuwa analifahamu, maana niliona anaurudisha mkono wa plasta nyuma ya mgongo wake.

Nikaomba dakika chache. "Unazo hadi niseme," mjomba akasema. Betri ilikuwa imebaki asilimia thelathini na nne.

Nilianza na waya, kwa sababu waya ndiyo mshukiwa wa kwanza wa kila mvivu. Nikauchezea, nikauchomoa, nikaufuta kwa shati. Kigugumizi kilekile. Nikachomeka vifaa vya masikioni moja kwa moja kwenye kompyuta: kigugumizi kilekile, kwa hiyo kipaza sauti na waya wake hawana hatia. Nikafungua tangazo langu la samaki wabichi, ambalo nimelicheza mara elfu. Nalo likagugumiza: "sa... ki... bi... bichi".

Nikalirudia kwenye kipaza sauti walisikie wote. "Mjomba, umesikia? Na hili nimelikata mimi? Faili ni nzima. Mgonjwa ni mashine."

"Au umeyakata yote mawili," kaka mkubwa akasema.

"Kakata na samaki!" bibi mtani akamdakia. "Mwacheni mtoto afanye kazi. Nyinyi mnakimbilia nini, mna jembe jikoni?"

Hilo la jembe lilimgusa shemeji. Niliona misuli ya taya inacheza.

Nikaufungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, na wazee wakasogea nyuma kidogo, kwa sababu maandishi yanayoshuka yenyewe hayajawahi kumletea mzee habari njema. Nikatazama kama kuna kitu kinakula nguvu za kompyuta kwa siri. Hakuna. Nikatazama mwendo wake: ulikuwa robo ya mwendo niliouzoea. Nikasoma shajara ya sauti, mahali mashine inapoandika malalamiko yake, na mstari mmoja ulikuwa umejirudia mamia ya mara: wakati wa kucheza umefika, sauti haijafika.

Hapo nikajijua. Aliyeiroga ni mimi.

Kompyuta haichezi sauti mfululizo kama mto. Inateka, kama mtu kisimani. Inakwenda kwenye faili, inajaza chombo, inarudi kummiminia spika. Spika anapokunywa, yenyewe iko njiani kurudi kisimani. Chombo kikiwa ndoo, hata mtekaji akijikwaa, spika hatakosa la kunywa. Mie miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimebadilisha ndoo nikaweka kijiko. Nilikuwa nikirekodi, najisikia masikioni nimechelewa kidogo, nababaika. Nikasoma mtandaoni kwamba dawa ni kupunguza chombo, nikapunguza hadi namba ndogo kuliko zote iliyokubali. Nyumbani, waya wa umeme ukiwa umechomekwa, kompyuta inakimbia, na anayekimbia anaweza kujaza hata kwa kijiko. Kwenye betri inajipunguzia mwendo ili kutunza chaji. Hilo lilikuwepo siku zote. Sikulijua kwa sababu sikuwahi kuitoa nyumbani. Mtekaji wangu alikuwa anatembea kama mwali aliyetolewa ndani, na mkononi ana kijiko.

Ningeweza kuilazimisha ikimbie, lakini betri ilikuwa imefika ishirini na sita na rekodi ni ya dakika thelathini na tano. Ingekata roho katikati. Nikachagua ndoo. Nikafuta namba yangu ya kijinga, nikaandika kubwa zaidi mara thelathini, nikaiamuru sehemu ya sauti izime na kuwaka upya. Amri moja niliiandika mara tatu.

"Imetosha," mjomba akasema.

"Tayari, mjomba."

Nikabonyeza.

Mlango ukagonga ukuta. Chumvi iko wapi. Ipo pale. Pale wapi. Kisha ule mlio, na safari hii haukuwa gunia. Ulikuwa mti mgumu juu ya mfupa, na kipaza sauti cha kutangazia mitaa mitatu kiliutoa mzima. Mtu mmoja ukutani alisema "Lahaula!" Shemeji alikuwa anahesabu. Ndivyo alivyokuwa anampiga, anahesabu kwa sauti, bila haraka, kama mtu anayepanga matofali, na akikosea hesabu anaanza moja. Mdogo wangu kwenye rekodi hakupiga kelele. Kulikuwa na pumzi tu, na kitu cha bati kilichoanguka na kubingirika muda mrefu.

Nilitaka kuruka mbele. Kidole kilikuwa tayari. Mdogo wangu alisema, "Iache."

Nje watu walishaanza kusimama. Niliwaona kwa mlango: wanawake wenye ndoo, mwendesha pikipiki ameshusha mguu, muuza nyanya. Mambo ya kumalizwa nyumbani nilikuwa nayatangaza Nanyamba nzima kama dawa ya kunguni, na hakuna aliyekumbuka kuniambia nipunguze.

Ikafika sehemu ya kimya. Dakika moja, mbili. Kaka mkubwa akafungua mdomo aseme imekwisha. Kisha sauti ya shemeji ikarudi, imechoka, ya karibu kabisa, kama ameketi juu ya lile gunia la makopa.

"Piga simu. Si unapenda kupiga simu? Mpigie mjomba wako. Mara tatu umempigia, mara tatu kanipigia mimi. Kaniambia mwenyewe: mwanamke akizidi mdomo mtie adabu, mimi sitakuuliza. Sasa nani ataniuliza? Kaka yako? Yule ukimlilia anakutania."

Kila mtu alitazama chini. Mjomba alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili na vidole vyake vimebadilika rangi. Na mimi nilikumbuka simu ile. Ilikuwa msimu uliopita wa kupulizia mikorosho. Alinipigia akasema, "Kaka, mkono unaniuma, huku kumenishinda." Nikamjibu, "Kama ni panya, nina dawa." Akacheka kidogo, kwa adabu, akakata. Huo ndio mkono aliousema daktari. Mfupa ule ulijiunga umepinda huku mimi najisifia jibu langu zuri.

"Zima," shemeji akasema.

Sikuzima.

Aliruka magunia. Teke la kwanza lilikwenda kwenye kipaza sauti, likauchomoa waya. La pili lilinikuta mimi mdomoni. Nilisikia jino linaondoka kabla sijasikia maumivu. Katika maisha yangu sijawahi kupigana na mtu. Niliwahi kupigana na jogoo, tukatoka sare. Nilianguka kwenye magunia, yeye juu yangu, ngumi zinashuka, na kompyuta, ambayo waya wake umetoka, ikahamia kwenye spika zake ndogo ikaendelea kusema. Huko ndani ya rekodi alikuwa ameanza tena kuhesabu. Moja. Mbili. Juu yangu naye anapiga. Nilifika mahali sikujua kipigo kipi kinatoka wapi. Nilimng'ata. Nilipata nyama kati ya kidole gumba na kiganja nikafunga meno yaliyobaki, na damu yake ikachanganyika na yangu, na akapiga ule ukelele ambao mdogo wangu hakuupiga hata mara moja.

Walitutenganisha wanaume wanne. Kaka yake mkubwa alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyemkaba shingo akambandika ukutani, akimwambia, "Unatuaibisha! Unatuaibisha!" Bibi mtani alikuwa amesimama katikati ya sebule, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na neno.

Mdogo wangu ndiye aliyeinama, akaizima rekodi kwa mkono wa kushoto. Ilikuwa imefika mwisho kasoro dakika chache. Akamgeukia mjomba.

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ni kweli ulimwambia hivyo?"

Mlangoni watu walikuwa wamejaa hadi mwanga umepungua. Angeweza kusema ni uongo, ni maneno ya mlevi, ni ya kuunga. Nilimwona anayatafuta.

"Nilimwambia," akasema. "Nilidhani ni makofi."

"Makofi," mdogo wangu akarudia. Alibaki amesimama pale anamngoja.

"Harudi," mjomba akasema, kwa sauti ya kuwafikia watu wa nje. "Mtoto namfuata mimi mwenyewe, sasa hivi. Na ile fomu yenu ikunjueni, twende tukaseme tulipopaswa kusema. Na haya niliyoyasema mimi yaandikwe."

Yule mwendesha pikipiki aliyekuwa akisikiliza ndiye aliyempeleka Mahurunga. Walirudi jua limeinama. Bibi mzaa baba hakubisha. Mjomba alisema alimkuta ameshamfungia mtoto nguo zake kwenye kitambaa, kama mtu aliyekuwa anasubiri tu aje wa kumuuliza.

Kesho yake asubuhi tulikuwa kituoni. Mdogo wangu na mjomba waliingia ndani, yeye mbele na mzee nyuma. Mimi nilibaki nje kwenye benchi, kompyuta mapajani, nikingoja kuitwa kuicheza, na mtoto amekaa pembeni yangu miguu haifiki chini. Alinitazama mdomoni.

"Mjomba, mdomo wako una nini?"

"Nimepigwa."

"Na baba?"

"Ndiyo."

Akalifikiria jambo hilo. "Ulilia?"

"Nililia."

"Mama halii," akaniambia, si kwa kunidharau, kwa kunielekeza tu. "Anauma kanga. Ukiuma kanga baba hahesabu upya."

Mlango ukafunguliwa, askari wa kike akatoa kichwa, akauliza mwenye rekodi yuko wapi. Nikasimama. Nilimwambia mtoto abaki pale kwenye benchi, asiingie, asisogee. Kisha nikarudi nyuma hatua mbili nikamwomba muuza chai wa getini amsogeze mbali zaidi, hadi upande wa pili wa barabara, kwa sababu safari hii betri ilikuwa imejaa, umeme upo, na kila kitu kingesikika.